Mabadiliko Yanayodumu: Somo la Mizani, Darasa na Bomba

Mada iliyoandaliwa kwa mikutano ya wakazi wa kata za Musoma, Bunda na Butiama



Ni nadra kukuta kata ambayo haina kitu kilichoanza kwa vigelegele kikaishia kimya. Hapa ni pampu ya kisima iliyopoteza mpini. Pale ni boma la darasa lililofika kwenye lenta, na sasa magugu yanaota mahali palipokusudiwa madawati. Kwingine ni kikundi cha kuweka na kukopa ambacho daftari lake limebaki mikononi mwa mtunza hazina aliyekwisha kuhama. Siku ya kwanza kila kimoja kilikuwa na mgeni rasmi, hotuba na picha. Kilichokosekana ni mtu wa siku ya elfu moja.

Hasara ya hali hiyo haiishii kwenye saruji na mabomba. Mama aliyerudi ziwani na ndoo kichwani baada ya bomba kukauka huwa amepoteza maji, na amepoteza pia imani. Mkutano ukiitishwa tena kuchangia, yeye ndiye wa kwanza kukaa kimya. Kila mradi unaokufa huufanya mradi unaofuata kuwa mgumu zaidi kuanza. Kwa sababu hiyo, namna ya kuleta mabadiliko yanayodumu ni elimu inayostahili kusomwa kama inavyosomwa elimu ya udongo, mifugo au afya. Mikoa ya Ziwa imekwisha kulipa karo ya elimu hiyo kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kuisoma.

Mizani ya pamba

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa, ambalo wakati huo lilijumuisha Musoma, alikuwa na kero moja inayoeleweka na kila mtu: mizani. Alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo hadi kwa mnunuzi, kisha uzito ulisomwa na mtu ambaye faida yake ilikuwa kuusoma vibaya. Wakulima hawakuanza na katiba ya chama wala jengo la ofisi. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe na jicho wanaloliamini.

Kutokana na jambo hilo dogo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kiongozi aliyejulikana zaidi katika harakati hizo alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Kabla ya Uhuru kufika, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Somo lake ni jepesi kulieleza na gumu kulifuata. Mabadiliko yale yalisimama kwa sababu tatizo lilitajwa na yule aliyelibeba mgongoni. Hakuna mtaalamu aliyehitaji kumshawishi mkulima kwamba anapunjwa. Tena hatua ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kuonekana matunda yake katika msimu uleule. Mkulima aliyeona kilo zake zimeongezeka alikuwa tayari kusikiliza habari za hisa, mkutano mkuu na uchaguzi wa viongozi.

Darasa la Azimio la Musoma

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma. Katika maamuzi yaliyokuja kuitwa Azimio la Musoma, iliamuliwa kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kukamilika mwaka 1989, ifikiwe ifikapo mwaka 1977. Miaka 12 ilikatwa kwa uamuzi mmoja.

Kilichofuata kilikuwa kazi kubwa. Vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu za wananchi. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Wengi huwakumbuka hadi leo kwa jina la walimu wa UPE. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wenye umri wa kwenda shule walikuwa wameandikishwa.

Sambamba na hayo ilikwenda elimu ya watu wazima. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo, ilikuwa imekwisha kuanza mapema, kwa mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968. Vitabu vyake havikufundisha herufi tupu. Vilifundisha kusoma kwa kutumia habari za pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba, yaani maisha ya msomaji mwenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vidogo vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi, kikundi kilijadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Kwa hesabu za wakati ule, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986.

Hata hivyo hadithi haikuishia hapo. Uchumi ulipoyumba, bajeti zilipungua, vitabu viliadimika, na walimu wa kujitolea wa jioni walikatiwa posho. Ada na michango viliporudi mashuleni, wazazi wengi waliwabakiza watoto nyumbani. Kufikia mwaka 2000 uandikishaji wa shule za msingi ulikuwa umeshuka hadi takribani asilimia 78. Sensa ya mwaka 2012 ilipofanyika, watu wapatao asilimia 22 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Ilibidi ada ifutwe mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uanze mwaka 2002, ndipo madarasa yakajaa tena.

Je, Azimio la Musoma lilishindwa? Hapana. Wako wazee wa leo wanaosoma tangazo hili bila kusomewa kwa sababu ya miaka ile. Lakini takwimu hizo zinafundisha kwamba mafanikio si mlima ambao mtu akifika kileleni anapumzika. Ni kama shamba. Palizi ya mwaka jana haizuii magugu ya mwaka huu. Kila mwaka huzaliwa watoto wapya wasiojua kusoma, na kila mwaka hustaafu mwalimu aliyejua kufundisha. Mabadiliko ambayo hayajaandaa mrithi wa mwalimu yana umri wa mwalimu huyo.

Bomba na swali la nani atalipa

Somo la tatu, na ndilo linalogusa kila kaya, ni maji. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi na salama katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa bure. Nia ilikuwa njema: maskini asinyimwe uhai kwa kukosa senti.

Mitambo ilijengwa, matangi yakapanda juu ya vilima. Kisha injini ya dizeli ikadai mafuta, mkanda ukadai kubadilishwa, bomba likapasuka. Ofisi iliyopaswa kutengeneza ilikuwa mbali na haikuwa na fedha. Kijiji kilichokuwa karibu hakikuwa na kipuri, fundi wala mamlaka. Mwaka 1991 ulipofika, lengo halikuwa limefikiwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo.

Katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza ilijaribiwa njia nyingine. Mradi wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden kuanzia mwaka 1985 hadi 2002, uliunganisha maji, vyoo na elimu ya afya, ukachimba visima vifupi vya pampu za mkono na kuwataka wanakijiji washiriki katika kuchagua, kujenga na kutunza. Hiyo ilikuwa hatua mbele. Lakini hata hapo swali lilibaki lilelile: siku mfadhili atakapofunga mafaili yake, kipuri kitatoka wapi na kwa fedha za nani?

Leo jibu la kisheria lipo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na ikaweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ili wananchi wenyewe wasimamie miradi yao. Miradi mikubwa inaendelea kuja. Ule wa Mgango, Kiabakari na Butiama huchukua maji ya Ziwa Victoria na kuyapandisha hadi vijiji vilivyokaa miaka mingi vikiliona ziwa kwa mbali. Lakini sheria haifungi koki inayovuja. Mtumiaji anapolipa ndoo yake, anauliza swali la haki: fedha hii inakwenda wapi?

Swali hilo lisichukuliwe kuwa ukaidi. Mara nyingi anayekataa kuchangia hakatai maji, anakataa giza. Amewahi kuchanga, hakusomewa mapato wala matumizi, na bomba likakauka. Kumwita mvivu wa maendeleo hakutengenezi pampu. Chombo cha maji kinachobandika hesabu zake mahali pa wazi kila mwezi, hata kama ni kwenye karatasi moja ya daftari, kina nafasi ya kukusanya zaidi kuliko kile kinachotuma mgambo. Uwazi ni kipuri cha kwanza cha mtambo wowote wa umma, nao hauhitaji mfadhili.

Makosa yaliyokiriwa

Masomo hayo matatu yanakutana katika jambo la nne, nalo ni mahali panapokaa uwezo wa kurekebisha. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikahamishiwa kwa watendaji wa Serikali Kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, vikiwamo warithi wa wale waliopigania mizani ya pamba. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo na kuondoa udhaifu uliokuwapo kwa kweli, kwa kuwa baadhi ya vyombo hivyo vilikuwa na ubadhirifu. Matokeo yakawa kwamba kero ilipotokea kijijini, chombo cha karibu cha kuirekebisha hakikuwapo.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za kurudisha vyote viwili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) namba 7 ya mwaka huo ndiyo msingi wa halmashauri zinazohudumia wananchi leo. Naye Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akizungumza mwaka 1984 kabla ya kung'atuka, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa ambayo asingeyarudia.

Kukiri huko kuna thamani kubwa kuliko hotuba nyingi za mafanikio. Kiongozi wa nchi alitazama matokeo, akayapima dhidi ya nia yake, akasema kosa liko wapi. Taasisi isiyoweza kufanya hivyo hurudia kosa lilelile kwa jina jipya la mradi. Dawa ya chombo dhaifu ni kukikagua, kukifundisha na kubadilisha viongozi wake kwa kura. Kukivunja ni kama kubomoa nyumba kwa sababu paa linavuja.

Wataalamu wanasema nini

Elimu hii imeandikwa pia na wataalamu wa nje. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba mabadiliko ya kikundi yana hatua tatu: kulegeza mazoea ya zamani, kuhamia katika mapya, kisha kuyakaza mapya mpaka yawe ndiyo kawaida. Miradi mingi hutumia fedha zote katika hatua ya pili. Choo hujengwa, lakini hakuna aliyekaa na kaya kujadili kwa nini kichaka kiliridhisha, wala hakuna anayerudi mwaka wa pili kuona kama mlango bado upo.

Elinor Ostrom wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, maji na uvuvi wa pamoja kwa vizazi vingi. Aliona mambo yanayojirudia. Watumiaji wanajulikana ni akina nani. Kanuni zinatungwa na wanaozifuata na zinalingana na mazingira yao. Ulinzi unafanywa na watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Adhabu huanza ndogo na kukua kadiri kosa linavyorudiwa. Na ugomvi una mahali pa karibu na pa bei nafuu pa kuamuliwa.

Mvuvi wa mwalo wowote wa Musoma au Bunda anaweza kuyathibitisha maneno hayo. Makokoro yakichomwa moto leo na kikosi kilichotoka mbali, kesho mengine hushuka majini usiku. Lakini pale kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile kinachoitwa BMU, kinapoaminiwa, na kinapomwadhibu hata ndugu wa mwenyekiti, mvuvi huacha zana haramu kwa sababu anajua jirani naye ameziacha.

Mabadiliko ndani ya ofisi

Kanuni hizi haziwahusu wanavijiji peke yao. Ofisi ya umma nayo ni jamii yenye mazoea yake. Kununua mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru ni kazi ya siku chache. Kumzoesha mkusanyaji kutoa risiti kila mara, na mwananchi kuidai kila mara, ni kazi ya miaka. Sanduku la maoni lililowekwa mlangoni pa zahanati halina faida iwapo halina siku ya kufunguliwa na ukuta wa kubandika majibu. Mtumishi anayehamishwa bila kukabidhi mafaili huondoka na kumbukumbu ya ofisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa taasisi huanzia katika makabidhiano yasiyoandikwa.

Maswali manne ya mkutano mkuu

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Hapo ndipo darasa la elimu hii lilipo. Kabla ya kunyoosha mkono kuunga jambo lolote jipya, iwe ni kisima, darasa, zahanati au kikundi cha mikopo, wajumbe wanayo haki ya kuuliza maswali manne.

La kwanza: tatizo hili limetajwa na nani? Kama wenye kero hawamo katika kikao, hasa akina mama wachota maji, watu wenye ulemavu na vijana, kikao hakijakamilika hata kama akidi imetimia.

La pili: gharama ya mwaka wa tatu ni kiasi gani? Gharama ya ujenzi husomwa siku zote. Gharama ya mafuta, kipuri, mlinzi na rangi husahaulika. Jibu liandikwe kwa shilingi katika muhtasari.

La tatu: akiondoka anayeijua kazi hii, nani mwingine anaijua? Kila fundi awe na mwanafunzi, na kila mtunza hazina awe na msaidizi anayeweza kusoma daftari lake.

La nne: mambo yakiharibika, yatarekebishwa wapi, na nani atatoa hesabu? Jina la mtu na tarehe ya kusoma taarifa vitajwe palepale, mbele ya wote.

Maswali hayo yakikosa majibu, si lazima jambo likataliwe. Liahirishwe hadi majibu yapatikane. Kuchelewa kwa miezi mitatu ni nafuu kuliko boma litakalosimama bila paa kwa miaka 10.

Wapi pa kujifunza zaidi

Kwa wanaotaka kuifanya elimu hii kuwa taaluma, si lazima waende mbali. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare kipo Musoma. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa shule za wananchi za Sweden, vipo Musoma na Kisangwa, Bunda. Viongozi na watumishi wa serikali za mitaa wana chuo chao Hombolo, Dodoma. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata nao ni walimu wa karibu. Kazi yao haiishii kwenye fomu za mikopo, na mwananchi asisite kuwaalika katika kikundi chake.

Ndugu wananchi,

Wakulima wa pamba walianza na mizani, kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba begani. Kata yoyote inaweza kuanza na kitu cha ukubwa huo: karatasi moja ya mapato na matumizi ya kisima, iliyobandikwa mwisho wa mwezi huu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na nyingine mwezi ujao, na nyingine mwezi unaofuata. Itakapofika siku ambayo karatasi imechelewa na watu wameulizana imekwenda wapi, mabadiliko yatakuwa yameshika mizizi.